Askari Niliyemwacha

Pamba mbichi ina harufu, ingawa wanaoijua pamba ikiwa tayari shuka au fulana hunibishia nikisema hivyo. Inanuka vumbi lililopigwa jua, mafuta ya mbegu, gunia kuukuu, na kwa mbali ile dawa ya wadudu ambayo haitoki hata ufanye nini. Nilijifunza chesi ndani ya ghala la zamani la kununulia pamba huko Kabasa, Bunda, na mpaka leo nikipishana na mkulima aliyebeba fundo la pamba, kwanza husogea pembeni, halafu ndipo nakumbuka sababu. Kuna watu ambao harufu za utotoni huwarudishia uji wa bibi na vicheko vya mchana. Mimi hunirudishia hofu. Silalamiki, na wala sitajifanya kwamba nilikuwa mtoto jasiri. Niliogopa mwaka ule wote, na msimu wa pamba, ulioangukia likizo ya katikati ya mwaka nikiwa darasa la tano, ndio niliogopa kuliko wakati mwingine wowote.

Kwetu ni Bukima, upande wa ziwani. Baba alikuwa mvuvi na mkulima wa mihogo kama karibu kila mwanamume wa pale, na maji ya nyumbani tuliyachota ziwani, kazi ya wasichana na mama zao. Mahali pa kuchotea palizungushiwa uzio wa miti iliyochomekwa majini ili mamba asipite, na kila baada ya muda wanaume walipaswa kung'oa miti iliyooza na kuchomeka mipya. Safari ile walichelewa, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Asubuhi moja nilikuwa nimeinama na ndoo yangu, na jirani yetu Nyamisi, rika langu, ameinama kando yangu akinisimulia habari za shuleni. Akaacha maneno katikati. Sikuona mengi. Niliona maji yakifurukuta, kisha ndoo yake ya bluu ikielea na kuzunguka polepole. Watu walioniuliza baadaye walitaka niseme zaidi ya hapo, na mimi sikuwa na zaidi ya hapo.

Tangu siku ile sikukaribia maji. Hata beseni la kufulia nililiinamia kwa mkono mmoja, mwingine nimeshika kiti au ukingo wa mlango. Mama aliona mtoto anaharibika, akanipeleka Bunda kwa shangazi Tabu, dada yake baba, fundi cherehani, ambaye maji yake yalitoka bombani. Nililipenda lile bomba kuliko nilivyowapenda watu wengi. Lilikuwa jembamba, na mnyama hawezi kukaa ndani yake.

Shangazi alikuwa na cherehani barazani na hakutaka mtoto wa kukodoa macho kutwa, kwa hiyo aliposikia kwamba mwalimu Wambura anakusanya watoto ghalani jioni, alinisukumia huko bila kuuliza wanafanya nini. Mwalimu Wambura alifundisha hesabu sekondari. Alikuwa mrefu, mwenye shati lililofungwa hadi kifungo cha shingoni hata jua likiwaka, na alikuja Bunda na maboksi matatu ya chesi aliyoyatoa chuoni. Ghala liliachwa tupu miaka mingi, ila kwenye nyufa za mbao na juu ya kenchi pamba ya misimu iliyopita ilikuwa imeng'ang'ania bado. Tulipanga mbao zetu juu ya mzani mkubwa wa jukwaa, ule wa kupimia magunia, nao ulikuwa na tabia ya kutikisika kidogo kila mtu alipoegemea, hata vipande vyote vikacheza cheza. Hapo ndipo palikuwa klabu yetu. Tulikuwa watoto wachache, karani mmoja wa mahakama, na fundi baiskeli aliyekuja na mikono ya grisi akawachafulia watu malkia.

Tatizo letu sote lilikuwa moja, na mwalimu Wambura alilijua tangu siku ya kwanza. Tulikuwa watoto wa drafti. Drafti ile ya vizibo vya soda, inayochezwa kila kijiwe kuanzia Nyamuswa hadi ufukweni kwetu, nimeijua kabla sijajua kusoma, kwa sababu baba alikuwa bingwa wake Bukima na alinipakata magotini akicheza. Na sheria kubwa ya drafti ni kwamba kula ni lazima. Kete ya mwenzako ikikaa mahali pa kuliwa, unaila, utake usitake. Ukiacha, kete yako iliyopaswa kula inaondolewa ubaoni, na watu wanakucheka. Baba alipomwondolea mtu kete namna hiyo aliinyanyua kwa vidole viwili, akaitazama kidogo, akaitupa mchangani. Nilipokuwa mdogo niliiona kete ile mchangani nikaihurumia. Kwa hiyo mkono wa mtoto wa drafti haungoji kichwa. Ukiona cha kula, umekwisha kula.

"Nyie mnakulaga kama kuku," mwalimu Wambura alituambia. "Kuku akiona punje hajiulizi nani kamwaga. Hapa si lazima kula. Sikilizeni vizuri, si lazima."

Akatuwekea kanuni yake. Kabla ya kila hatua tukalie mikono yetu. Unaweka viganja chini ya mapaja, unaangalia ubao, unafikiri, halafu ndipo unatoa mkono mmoja. Mtu akipita nje ya ghala angetuona tumekaa tumejikalia, hatusemi, akadhani ni watoto walioadhibiwa. Fundi baiskeli aligoma, akasema yeye ni mtu mzima, akaendelea kuliwa kila siku.

Mwanzoni mwa likizo klabu ya Musoma ilikuja kutembelea Bunda, na ndani yake alikuwamo kijana aliyeitwa Barnaba, amenizidi mwaka mmoja au miwili, mwembamba, amevaa sweta lililofumwa katika joto lile lote. Nilimwogopa kwa sababu ya adabu yake. Kabla ya kukufanyia jambo baya alikwambia "pole dada", tena kwa upole wa kweli, na hakuinua macho. Alinichezea mchezo ambao baadaye mwalimu Wambura alitwambia jina lake: wazungu wanauita Maini ya Kukaanga. Tulicheka, lakini mimi sikucheka sana.

Nieleze kidogo, maana bila kuuelewa mchezo ule hutaelewa niliogopa nini. Mwenye weupe anatoa askofu wake na farasi wake mapema kabisa, wote wawili wakimlenga askari mmoja mnyonge anayesimama karibu na mfalme wako. Wewe unaziba njia kwa kusukuma askari wako katikati. Yeye anamla huyo askari kwa askari wake. Sasa askari wake amesimama katikati ya ubao, peke yake, na farasi wako anaweza kumla. Anasubiri kuliwa. Mtoto wa drafti atafanya nini? Anakula. Na hapo ndipo farasi wa mwenzako anaruka hadi mlangoni kwa mfalme wako na kumuua yule mnyonge, anajitoa mhanga, na mfalme wako inabidi atoke mwenyewe, kwa miguu yake, kwenda kumla. Akishatoka harudi. Malkia anamfuata, askofu anamfuata, na mfalme anatembezwa hadi katikati ya ubao, mahali peupe, kila mtu anamwona. Nilimtazama mfalme wangu akisogea hatua moja moja kwenda kule. Barnaba akasema pole dada, na sikusikia mengine. Nilikuwa naiona ndoo ya bluu. Nilikwenda nje ya ghala nikatapika nyuma ya ukuta.

Baada ya siku ile sikulala vizuri. Niliota naukaribia ubao kama unavyokaribia maji. Shangazi alidhani ni malaria, akanipeleka kupima, haikuonekana. Nilitaka kuacha chesi kabisa, na ningeacha, kama baba asingepiga simu.

Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu wa mwisho, na hali yake haikuwa nzuri. Hakutakiwa kubeba kitu kizito. Bibi alikuwa amezeeka, wadogo zangu walikuwa wadogo kweli, na maji ya nyumba nzima yalibaki bila mchotaji. Baba alimwambia shangazi kwamba likizo ikiisha nitahamia shule ya Bukima. Uzio ulikuwa umeshawekwa mpya, alisema, miti mizito, ameichomeka yeye mwenyewe. Shangazi aliweka simu kwenye spika ili aendelee kushona, kwa hiyo nilisikia yote nikiwa nimesimama na pasi ya mkaa mkononi.

"Huyu mtoto anaotaga mamba, kaka," shangazi alisema. "Huyu humrudishi pale akapona."

"Akikaa huko kwako ndiyo atapona? Ataogopa maji mpaka azeeke. Tena mama yake anaumwa, Tabu. Nani achote?"

Shangazi alisimamisha cherehani, na jambo moja liliniogopesha zaidi. Baba hakuwa anakosea. Kama angekuwa mkali au mlevi ningemchukia nikatulia. Nilimwonea huruma mama, nikamwonea huruma yeye, na bado nilijua kwamba wakinishusha kwenye maji yale nitakufa, si kwa mamba, nitakufa kwa woga tu nimesimama. Ndipo shangazi, ambaye alimjua kaka yake vizuri, akafanya ujanja wa kidrafti. Akamwambia kwamba mwisho wa likizo tunakwenda Butiama kushindana na Musoma, na mtoto wake yumo. "Njoo umwone anavyocheza. Akishinda, mwache kwangu amalize la saba. Akishindwa, ondoka naye hapo hapo, sitafungua mdomo."

Baba hajawahi kukataa mchezo maishani mwake.

"Aje na begi lake," alisema.

Wiki zilizobaki nilizipitisha ghalani. Mwalimu Wambura alipoelezwa na shangazi hakusema maneno ya kunitia moyo, kwani hakuwa mtu wa namna hiyo; aliweka ubao juu ya mzani, akapanga Maini ya Kukaanga mpaka pale askari mweupe aliposimama katikati akisubiri kuliwa, akaniambia nikalie mikono. "Mtazame," alisema. "Usimle. Mtazame tu mpaka mkono uache kuwasha." Nilimtazama. Dawa ya mchezo ule, alinionyesha, ni kumwacha askari yule asimame hapo hapo, na badala ya kula, kumpeleka farasi wako mwingine pembeni, ukingoni mwa ubao, akamfukuze askofu. Unapoteza askari mmoja. Lakini adui aliyekuja mbio anaanza kurudi nyuma, na wewe unapata nafasi ya kutoa watu wako na kumficha mfalme kwenye kona. Kwa maneno ni rahisi. Kwa mkono wangu ilikuwa mateso. Kila nilipomwacha yule askari nilihisi kuna mtu nyuma yangu atakayenyoosha vidole viwili, aichukue kete yangu, aitupe mchangani. Tulirudia hatua ile moja hadi fundi baiskeli akachoka kututazama akaenda nyumbani. Mwishoni mkono ulitulia, lakini hofu haikwenda popote. Niligundua tu kwamba ninaweza kuwa nayo na bado nikamsogeza farasi.

Tulikwenda Butiama asubuhi, na begi langu likawa kwenye magoti ya shangazi, kwa kuwa mimi nilikataa kulishika. Ndani yake mlikuwa na sare, viatu na gauni mbili alizonishonea. Butiama ilichaguliwa ili asiwepo mwenyeji wala mgeni, na tulipewa ukumbi wa shule wenye madirisha makubwa upande mmoja. Nje kulikuwa na mawe makubwa yale ya kwetu Mara, yaliyolaliana kama yaliyopangwa, na upepo uliingia ukipekua karatasi za mwamuzi. Baba alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama dirishani, kwa nje, amevaa koti lake la kanisani, na alinuka moshi wa kukaushia samaki hata nikiwa mbali. Nilimwamkia. Alinishika kichwa kidogo, akauliza nimekula nini, nikamwambia chai, akasema haya. Alikuwa amekonda. Niliona mikono yake ina makovu ya malengelenge, nikajua ni ya ile miti ya uzio.

Nilipangiwa Barnaba, na ilipopigwa kura akapata weupe. Nilipoketi nilikalia mikono yangu kwa nguvu hadi ikafa ganzi. Barnaba alikuwa na sweta lile lile. Akasogeza askari wa mfalme, nami wangu. Farasi, farasi. Askofu wake akatoka, nikatoa farasi wa pili. Farasi wake akaruka mbele kwenda kumlenga yule mnyonge wangu, na mimi nikasukuma askari katikati kuziba njia, na yeye akamla. Akabonyeza saa. "Pole dada," alisema. Askari mweupe akawa amesimama katikati ya ubao, peke yake, anasubiri.

Watu wote wa Bunda waliokuwa ukumbini walikuwa watu wa drafti, na niliwasikia wakivuta pumzi. Nilitoa mkono wa kulia ukiwa na ganzi bado. Ulikwenda wenyewe kuelekea kwa farasi wa kula. Niliurudisha. Jasho lilinitoka kwenye nywele likanidondokea puani. Nikamchukua yule farasi mwingine, nikampeleka pembeni kabisa ya ubao, kwa askofu, nikabonyeza saa.

"Ah, mwana," ilisikika sauti kutoka dirishani. "Si umle."

Mwamuzi aliinuka akamwambia mzee aliyeko dirishani anyamaze au aende mbali. Sikugeuka. Nilijua sauti na nilijua uso ulioko nyuma ya sauti. Baba hakuwa ananidokeza wala hakuwa anaiba mchezo. Alikuwa ameumia, jinsi mtu anavyoumia akiona mwanawe anamwaga unga. Barnaba, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aliinua macho akanitazama. Alikaa sana. Akanipiga cheki ndogo na askofu, nikaziba, akala askari mwingine, na huyo nikala kwa sababu mwalimu Wambura alinifundisha kwamba huyo ndiye wa kula. Na ikawa kama tulivyorudia ghalani. Askofu akarudi nyuma. Farasi wake nikamfukuza naye akarudi. Watu wangu wakatoka mmoja mmoja, na mfalme wangu nikamficha kwenye kona nyuma ya askari watatu, ngome moja ikimlinda mgongoni. Nilipokwisha kumficha nilivuta hewa hadi chini ya tumbo. Nilikuwa bado naogopa, lakini mfalme hakuwa uwanjani. Alikuwa nyumbani kwake, na adui ndiye aliyekuwa anakimbia.

Sijui tulicheza muda gani kuanzia hapo. Meza nyingine zilimalizika, watu wakatuzunguka. Mwalimu Wambura alisimama ukutani na kifungo chake cha shingoni, na kwa jinsi alivyokuwa anatazama darini ili uso wake usimsaliti nilijua nina nafasi nzuri. Nilianza kuliona bomba la shangazi, nikajiona nikijaza ndoo yangu pale asubuhi ya kufungua shule. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, kwenda bombani kabla ya kumaliza. Barnaba alimsogeza askofu wake hadi safu ile ile iliyokuwa ngome yangu, akamwacha pale bila mlinzi. Hakusema pole. Nikamwona askofu, mnono, bure kabisa, na mikono yangu haikuwa chini ya mapaja. Ngome yangu ikatoka nyuma ya mfalme ikapita ubao mzima ikamla.

Nilimsikia baba akijipiga paja kwa furaha. Kofi lile nalijua, ni kofi la Bukima, la mtu aliyekula. Halafu Barnaba akaishusha ngome yake hadi mstari wa mwisho, pale ngome yangu ilipokuwa imeondoka, na mfalme wangu akawa amekaa kwenye kona aliyojengewa na hana pa kwenda, askari wake watatu wamemzibia mlango. Chekimeti. "Pole dada," alisema Barnaba, na akanipa mkono.

Sikulia ukumbini. Nilipanga vipande kwenye boksi. Mwalimu Wambura alikuja akaniambia, "Ulimwacha wa kwanza. Huyo ni mgumu kuliko wa pili," akaondoka kwenda kutafuta kofia yake. Shangazi alikuwa ameketi na begi kifuani, haoni pa kutazama.

Kwenye stendi ya Butiama magari yanayokwenda Musoma, njia ya kwetu Bukima, yalikaa upande mmoja wa barabara, ya Bunda upande wa pili. Baba alilichukua begi kwa shangazi, akalitupia begani, akavuka. Nikamfuata. Sikupinga wala sikubembeleza. Makubaliano yalikuwa makubaliano, na nililelewa na mtu wa drafti. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuyasikia maji miguuni. Tulisimama kando ya gari la Musoma, kondakta akipanga mizigo juu, na baba hakupanda. Alikuwa anatazama chini, anachora vumbi kwa ncha ya kiatu, na nilipoangalia vizuri nikaona anachora miraba.

"Yule askari wa mwanzo," alisema. "Mbona ulimwacha?"

"Kwenye chesi si lazima kula, baba."

"Na yule wa mwisho ukala."

"Nilisahau."

Akafikiri. Kondakta alimwita mara ya pili, akanyoosha mkono kumjibu angoje. "Mimi ningewala wote wawili," alisema baba. "Wa mwanzo ningemla, wa mwisho nikamla. Nilikuwa nafurahi pale dirishani. Sijaona chochote, mimi. Nimeona nyama tu."

Sikujua baba alikuwa anaongea na mimi au na vumbi. Kisha akageuka, akavuka barabara kurudi kwa shangazi, nami nyuma yake, akamwekea begi mapajani.

"Nenda naye," alisema.

Shangazi alibabaika. "Kaka, si tulikubaliana? Kashindwa, nami nimeona."

"Tulikubaliana. Kashindwa." Alinitazama mimi, si yeye. "Lakini si lazima."

Akavuka, akapanda gari, na dirisha lake lilikuwa upande wa pili kwa hiyo sikuuona uso wake likiondoka. Ndipo nililia, na shangazi alinifunika na khanga yake hadi Nyamuswa.

Mambo mengine niliyajua nikiwa mkubwa. Kwa miaka miwili na zaidi maji ya nyumba yetu yalichotwa na baba. Kwetu mwanamume mwenye mke na mabinti haendi kuchota maji ya kupikia. Anaweza kuvua, kuogelea, kunywesha ng'ombe, lakini madumu ni ya wanawake. Yeye alifunga madumu kwenye baiskeli kila alfajiri akashuka ufukweni kati ya wasichana, na wanaume wenzake pale kijiweni wakamwita Mama Perusi, kwa jina langu, hadi akalizoea. Mama ndiye aliyenisimulia, tukiwa tunamenya mihogo, wala hakunitazama aliposimulia. "Tena baba yako aliogopaga maji yale kuliko wewe," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa na zamu ya kuanza kubadilisha miti, mwaka ule wa Nyamisi. Kila asubuhi alikuwa anapiga maji kwa kasia kwanza, anapiga, anapiga, halafu ndiyo anachota." Mimi nilikuwa Bunda wakati huo, nafungua bomba.

Sasa naishi Musoma, kwenye nyumba iliyo juu ya mawe, na ziwa naliona lote kutoka jikoni. Sijawahi kuingia ndani yake zaidi ya vifundo vya miguu, na sioni kwamba nitaingia. Bukima wamechimbiwa kisima cha pampu, uzio wa miti umebaki vigingi vichache ambavyo vijana hufungia mitumbwi, na binti yangu, ambaye yuko darasa la tano, anaogelea pale pale akiwa na wenzake huku mimi nimesimama juu ya mwamba nahesabu vichwa. Haogopi. Simwambii aogope. Ghala la Kabasa nasikia limekuwa duka la vifaa vya ujenzi. Baba amezeeka, kasia haliwezi tena, ila drafti anacheza kila jioni, na binti yangu amemfundisha chesi pia, ambayo anaicheza vibaya mno. Anakula kila kitu. Mjukuu wake anamtegea askari, anakula. Anamtegea farasi, anakula. Mfalme wake anatembezwa ubao mzima, naye anajipiga paja mpaka dakika ya mwisho. "Babu, hukalii mikono," mtoto anamwambia, na baba anacheka, anasema mkono wake haujawahi kuacha kitu. Mimi huwa pale pembeni namenya ndizi au natoa samaki magamba, na huwa simsahihishi, lakini yeye huinua macho kidogo kunitazama, kisha anaendelea kula.